Mwanamke Niliyemtia Ndani ya Muhogo

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula bukari, ugali wetu, ya muhogo mchungu asubuhi na jioni, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na samaki. Mtu wa upande wetu wa Wamaza hatakutajia tarakimu ya mwaka huo; atakuambia tu, mwaka mpunga ulipokataa. Siye ni watu wa mpunga. Mtoto akizaliwa tunapika wali, akiolewa tunapika wali, akifa tunapika wali. Mwaka huo mvua ilikuja, ikatuchungulia, ikaondoka zake, na masuke yakasimama shambani hayana kitu, yanacheza na upepo. Kilichobaki ardhini ni muhogo, tena si ule mtamu unaoutafuna mbichi njiani. Ni ule mchungu, ambao hata panya anaung'ata mara moja tu, harudi.

Muhogo huo una kazi yake. Unaumenya, unauzamisha kwenye shimo la maji kando ya kijito, unaulaza humo siku tatu, hata nne, mpaka ulainike na kunuka kama soksi za askari aliyetembea kutoka Kindu. Ndipo unautoa, unauvunjavunja, unauanika, unautwanga. Kila nyumba ina shimo lake na vijiti vyake vya alama. Mama yangu alinifundisha hivyo, nami sikumuuliza sababu, kwa kuwa kwa mama yangu ukiuliza sababu ulipata kofi kwanza.

Lakini mwaka huo njaa haikungoja siku tatu, na Salamabila haikungoja pia. Kule kwenye dhahabu kila mtu anachimba, hakuna anayelima, wanataka unga. Pikipiki zilipita kwetu mara mbili kwa juma. Mwenye unga tayari alipakia, asiye nao alibaki anakula vumbi. Basi tukaanza kuutoa muhogo siku ya pili. Kisha tukaanza kuutoa kesho yake tu, ungali mgumu katikati. Tuliopakia ulikuwa huo, na tuliokula nyumbani ulikuwa huo huo. Nyumbani kwangu aliyeutoa ni mimi, kwa mikono hii.

Nilikuwa nikiishi na mjukuu mmoja, binti wa miaka minane, mtoto wa mwanangu wa tatu. Mwanangu na mke wake walikuwa Salamabila, yeye anachimba, mke anapikia wachimbaji. Mtoto aliachwa kwangu kwa sababu machimboni si mahali pa mtoto wa kike. Alikuwa na mbio. Akitumwa chumvi, alirudi kabla hujamaliza kumtukana anachelewa.

Asubuhi moja alitoka kijitoni na ndoo, akaitua mlangoni, akaniambia mimi bibi yake, "Koko, miguu yangu imekuwa miti."

Nilicheka. Niliona anatafuta njia ya kukwepa kutwanga. Nikamwambia, "Basi miti itwange."

Akajaribu kusimama kwenye kinu. Magoti yakagongana, visigino vikakataa kugusa chini. Alisimama kwa vidole vya miguu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, kisha akaanguka ubavu. Hakuwa na homa. Nilimbonyeza mapaja, nikamvuta vidole, hakulia. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mtoto akilia unajua pa kushika. Huyu alinitazama tu, anangoja nimwambie ni nini.

Ndani ya juma hilo wakafuata watoto wawili wa nyumba za juu, kisha mke mdogo wa fundi wa baiskeli, mwenye mtoto mchanga. Wote miguu, wote ghafla, wote bila homa. Mitaani kwetu hakuna siri. Kufika siku ya soko watu walikuwa wameshasema: kuna mutu anafunga watoto miguu.

Kituo cha afya kilileta muuguzi, msichana wa mji wa Kasongo, wa nyumba za Waislamu wa kule, kitambaa kichwani, Kiswahili chake laini kama kimepakwa mafuta. Alituita shuleni. Akachora muhogo ubaoni, akachora mtu, akachora mishipa ya mgongo, akasema ndani ya muhogo kuna sumu inaitwa sianidi. Alisema vizuri. Tulimsikiliza kama unavyosikiliza mvua inayonyesha kwenye bati la jirani.

Mzee mmoja, mpiga soga mkubwa, akainua mkono.

"Munganga, hiyo sianidi ni mutoto wa nani?"

Watu wakacheka. Msichana naye akacheka, maskini, akidhani ni mzaha tu.

"Baba, si mutu. Ni sumu."

"Sumu inatiwa na mutu. Nani ameitia?"

"Hakuna aliyeitia. Iko ndani ya muhogo tu, tangu unaota."

"Muhogo ule wazee wetu walikula, na walitembea mpaka Tanganyika na mizigo kichwani. Leo ndiyo unafunga miguu? Haya. Asante, Munganga. Umechora vizuri."

Mkutano ukaishia hapo. Watu waliondoka wakimsifia mchoro.

Kesho yake aliletwa kwangu. Kapita wetu, mkuu wa kijiji, ndiye aliyemwambia, ukitaka watu wa hapa wakusikie, nenda kwa yule mama. Sitajifanya mnyenyekevu. Mimi ndiye ninayesema hadisi kijijini kwetu, tangu mume wangu yu hai. Watu wameacha sombe ichemke hadi ikaungua kwa sababu yangu. Msichana alikaa kwenye kigoda akasema, "Koko, nimeambiwa ukisema hadisi hata mbuzi wanalala chini wasikilize."

"Mbuzi wanajifanya," nikamwambia. "Lakini watu, ndiyo."

Nikamwambia anieleze tena, bila ubao, polepole, na nikimkatiza asikasirike. Akanieleza. Mti ule unajilinda, akasema. Sumu ni ulinzi wake dhidi ya wanyama. Ukilazwa majini unafunguka, sumu inatoka, nyingine inachukuliwa na hewa. Ile kidogo inayobaki mwili wenyewe unaiosha, lakini unaiosha kwa nguvu ya samaki, ya maharagwe, ya yai.

"Na mwaka huu hatuna samaki," nikasema. "Mwili umekosa sabuni."

Akatoa kalamu akaandika neno hilo la sabuni. Nilivimba kichwa, nakiri.

Kisha akatoa kichupa na kipande cha karatasi ya njano. Akachukua unga wangu mwenyewe, kutoka kapu langu mwenyewe, akautia humo na maji kidogo, akaining'iniza karatasi ndani, akafunga. Akaniachia. Asubuhi niliamka kabla ya jogoo nikachukua kichupa. Karatasi ilikuwa kahawia, kahawia kama tofali lililoiva. Na mjukuu wangu amelala kwenye mkeka, miguu imenyooka kama vijiti vya mishikaki. Nilikaa na kichupa mkononi mpaka jua likanikuta.

Msichana aliporudi nilimuuliza kitu kimoja tu: miguu itarudi?

"Hapana, koko," akasema. Hakuzungusha. "Lakini akiendelea kula muhogo wa haraka, inaweza kuzidi. Safari nyingine anaweza asisimame kabisa."

Basi hofu ikaingia nyumbani ikachagua pa kukaa. Kila nilipoona moshi jikoni kwa mtu nilijiuliza muhogo ule umelala siku ngapi. Mtoto alikuwa analishwa na nyumba zote, ndivyo tunavyoishi. Angeweza kupewa tonge popote. Nisingeweza kumfunga kamba. Ilibidi kijiji kizima kiloweke muhogo siku tatu, la sivyo hakuna tulichofanya. Nikamwambia msichana, niachie. Nitaitia kwenye hadisi.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka kulieleza kosa lenyewe.

Kwetu, hadisi ikifika mwisho, wasikilizaji wana haki ya kumuuliza msemaji, "Ni nani?" Maana yake, nani ameharibu? Nani ameleta hili? Nawe huwezi kunyanyuka hapo ulipo kabla hujajibu. Ni mke mwenza. Ni kaka mkubwa. Ni mama mkwe. Usipojibu, wanasema umewaachia chungu motoni, na mara nyingine hawaji. Siku tatu nilizunguka na ile sumu kichwani, natafuta namna ya kuisema bila mtu, na kila nilivyoigeuza ilinifia mdomoni. Mti unajilinda. Haya, kisha? Hewa inachukua. Haya, kisha? Hata mimi nilipiga miayo.

Nikaipa mwili. Nikasema ni mwanamke mgeni, mweupe pee, mzuri, anayetoka mbali, anayependa kuoga kuliko kitu chochote. Ukimwacha akae majini siku tatu, anatoka mpole, analisha watoto wako. Ukimvuta mkono kabla hajamaliza, anakuja na hasira, na watoto wako anawafunga miguu. Wimbo wake nikautunga hivi:

Niache nioge, sijatakata,
siku ya tatu nitakuja mwenyewe.

Uzuri wa hadisi ni sura. Msikilizaji lazima amwone anavyotembea. Nami sura sikuitoa hewani. Kijijini kwetu kulikuwa na mjane mmoja, mwenye asili ya Lusangi, aliyekuwa akikusanya unga wa kila nyumba na kuupakia kwenye pikipiki za Salamabila. Jioni alikuwa mweupe mwili mzima kwa vumbi la unga, kope hata nyusi, na alikwenda kijitoni akaoga muda mrefu, anasugua na jiwe, anaimba. Alikuwa na mwendo wa mtu asiyeombwa kuharakisha. Niliuazima mwendo huo. Niliazima weupe, niliazima kuoga. Sikumchukia. Nilikuwa nampenda hata, alikuwa na mdomo kama wangu. Nilimwazima kama unavyoazima sufuria kwa jirani, bila kubisha hodi.

Hadisi niliisema mchana, palepale kijitoni, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mashimo yao wanamenya. Sijawahi kusema vizuri vile. Kisu kilisimama mikononi mwao. Nilipofika mwisho wakauliza, "Ni nani?" nami nikajibu, "Ni mwanamke wa siku tatu!" Wakashangilia. Baadaye nikakumbuka kwamba wawili hawakushangilia. Walitazamana.

Lakini kwanza ilikuwa furaha. Wanawake walianza kuacha muhogo siku tatu. Mtu akitaka kuutoa mapema, mwenzake anamwimbia, "Niache nioge," na anarudisha huku anacheka. Muuguzi alipita na vichupa vyake, karatasi zikabaki njano, au rangi ya chungwa kidogo. Aliwafundisha pia namna ya kuusafisha unga wa haraka ulioshatwangwa: uloanishe, utandaze mwembamba kwenye mkeka, uache kivulini kwa muda wa saa tano, ndipo upike. Walimsikia! Siku nyingine alinishika mikono miwili akasema, "Koko, mwaka mzima ningechora ubaoni." Akanirekodi kwenye simu, akaipeleka redio ya Kasongo. Sauti yangu ilifika Kasongo kabla ya miguu yangu. Madereva wa pikipiki walinipigia honi. Nilitembea sokoni kifua mbele, nasema kweli, nikisikiliza watu wakisema, yule ndiye.

Kisha nikaanza kusikia wimbo unavyobadilika.

Watoto waliuimba bila mstari wa pili. "Niache nioge, niache nioge," basi. Siku ya tatu imeanguka. Baada ya siku chache wakaongeza wa kwao: "Niache nioge, muchawi naoga." Nikawakemea. Wakakimbia wakicheka, na walikokimbilia ni kwenye njia ya mjane, aliyekuwa anapita na kapu, wakamfuata nyuma wakitembea mwendo wake. Mwendo ule ule. Niliujua, maana niliuchonga mwenyewe.

Nikaelewa. Hadisi ilikuwa inasafiri, lakini njiani ilikuwa inatupa mizigo. Maji, hewa, siku tatu, samaki, yote yanadondoka. Kinachofika ni mwanamke.

Mjane alikuja kwangu kesho yake asubuhi. Nilikuwa napepeta maharagwe. Alisimama uani, akaniita kwa heshima kama dada mkubwa.

"Yaya, niko na swali."

"Karibu, kaa."

"Sikai. Ule mwanamke wa hadisi yako, anatoka wapi?"

"Anatoka mu kichwa yangu."

"Na mu kichwa yako anavaa kitenge ya rangi gani?"

Nilichagua jiwe kwenye maharagwe ambako hakukuwa na jiwe.

"Mugeni. Mweupe wa unga. Anaoga mpaka samaki wanachoka. Yaya, mu kijiji hii tuko wangapi?"

"Sikukutaja jina."

"Ndiyo. Hukunitaja. Umenichora." Akavuta pumzi. "Jana wamemwaga unga wangu barabarani. Kuku wakakula, wakashiba. Niliwaangalia mpaka jioni, hakuna kuku aliyefungwa muguu. Hiyo nayo uitie mu hadisi."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikamwambia aende akakae kituo cha afya kwa yule msichana, siku chache, mambo yapoe. Akanitazama kama nimemtemea.

"Nikikimbia, nimekubali. Bwana yangu iko kaburini hapa. Shamba yangu iko hapa. Nilikuwa nawaambia, ninyi wote, muhogo wenu unanuka ubichi, na mulinicheka, mulisema watu wa Lusangi wavivu, wanalaza muhogo siku ine. Leo mimi ndiye muchawi?"

Ni kweli, alituambia. Nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Siku hiyohiyo nilikwenda kijitoni. Nikasimama juu ya jiwe, nikawaambia wanawake: hadisi ile mwanamke hayumo. Nilimtunga. Ni muhogo tu, na maji tu, na haraka yetu. Nikawaambia, aliyemfunga mjukuu wangu miguu ni mimi, niliyeutoa muhogo siku moja nikawahi pikipiki. Nilidhani nikijipiga mwenyewe wataogopa kumpiga mwingine.

Jirani yangu, mama wa wale watoto wawili wa nyumba za juu, akasema bila kuinua macho kwenye kisu chake, "Koko anaogopa."

"Siogopi."

"Juzi ulisema yote na mudomo wazi. Leo unameza? Basi amekutisha. Amekuja kwako asubuhi, tumemuona. Hakukaa hata kiti."

Na mwingine: "Yule ana nguvu, kama anaweza kufunga mudomo ya huyu mama."

Nilishuka kwenye jiwe. Kila nilivyovuta, kamba ilikaza. Nikisema mwanamke yumo, yeye ndiye. Nikisema hayumo, basi amenifunga kinywa, yeye ndiye. Nilimwendea muuguzi. Msichana wa watu alikaa akashika kichwa. Alipiga simu redio, wakaiondoa hadisi yangu hewani siku ileile. Lakini wimbo haukuwa unasikiliza redio. Alijaribu tena na vichupa, akaweka unga wa mjane kwenye kimoja na unga wangu wa zamani, uliobaki chini ya kapu, kwenye kingine, akawaonyesha watu. Wa mjane njano. Wangu kahawia. Watu wakasema karatasi ni ya munganga, na munganga ni rafiki yake.

Nilimuuliza, "Ninyi mulisoma. Mu shule yenu hawasemi ufanye nini hadisi ikikukimbia?"

"Hapana, koko," akasema. "Wanatufundisha tu namna ya kuianzisha."

Siku zile sikula vizuri. Nilikuwa natoka uani kila baada ya muda kutazama nyumba ya mjane, hatua hamsini na kitu kutoka kwangu, kama moshi unatoka. Moshi ukitoka nilikaa. Usipotoka nilitafuta sababu ya kupita pale, moto, chumvi, chochote, naye alikuwa ananijibu neno mojamoja. Walikuwa wameng'oa vijiti vya shimo lake. Alivipandikiza. Wakang'oa tena. Kapita nilimwendea mara mbili. Alisema mambo ya uvumi hayawezi. Akija mtu na shahidi, hapo atalazimika kusikiliza. Nilimwambia shahidi hayupo. Akanitazama kwa pembe ya jicho, akasema, "Shahidi ni wewe, mama. Wanakungoja wewe."

Na mwanangu akapiga simu kutoka Salamabila. Hakunisalimu sana.

"Mama, nimesikia hadisi. Machimboni wote wanaiimba. Jumamosi ninafika."

"Njoo umuone mutoto. Umuletee samaki, hata ndagala tu."

"Nakuja kwa hadisi."

Alifika Jumamosi adhuhuri, pikipiki mbili, vumbi jekundu mpaka meno. Alikuwa na vijana wawili wa machimboni. Niliwapa vigoda, hawakukaa. Walibaki wamesimama kwenye pikipiki zao, na mmoja alikuwa amelaza chuma cha kuchimbia juu ya usukani, mkono juu yake, kama mtu anayemshika mbwa. Walikuwa wanatazama nyumba za jirani moja baada ya nyingine.

Mtoto alisikia sauti ya baba yake akatoka. Alikuja na fimbo aliyochongewa na mzee wa soga, hatua kwa hatua, vidole chini, visigino juu, magoti yanasuguana, na anajitahidi kwenda haraka kwa sababu alikumbuka kwamba baba yake alikuwa anampigia makofi akikimbia. Mwanangu alimwacha afike. Alimkalisha pajani, akamshika mguu mmoja, akaukunja, ukakataa, akauachia. Akamwambia mtoto aende ndani akaangalie alicholetewa.

"Mama. Ni nani?"

Nilimweleza. Nilimweleza mpunga, pikipiki, shimo, siku moja, sombe tupu, karatasi ya njano. Nilimweleza mikono yangu. Nilimweleza hadisi, na kwa nini niliitia mtu, na kwamba mtu yule hayupo duniani. Sijawahi kumweleza mtoto wangu habari ndefu vile bila kumkatiza kwa tusi.

Alisikiliza. Ni mtoto mwenye adabu, nilimlea mwenyewe.

"Nimekubali ni wewe ulitoa muhogo," akasema. "Sikukatalii. Lakini mama, umelea watoto saba na muhogo uleule. Hukukosea hata siku moja. Mwaka huu mukono yako imekwenda kwenye shimo siku ya kwanza. Nani aliisukuma?"

"Njaa, baba. Na pikipiki za huko kwenu."

"Njaa haina mikono."

"Ndiyo maana sina wa kukuonyesha."

"Nani alikuwa anakusanya unga? Nani alikuja kwako asubuhi ukaacha kusema?" Aliinama, sauti ikashuka, akawa kama yule mtoto aliyekuwa ananiomba nimwongezee mchuzi wengine wasione. "Mama, sikiliza. Watu wote hapa wanajua. Lakini wakisema wao, kapita anasema ni uvumi. Ukisema wewe, mwenye hadisi, koko ya mutoto, kapita hawezi kutuzuia. Sikuombi mengine. Jina moja tu. Useme, na mimi nitamalizana naye."

Yule kijana wa chuma alikuwa ameacha kutazama nyumba nyingine. Alikuwa anatazama moja. Moshi ulikuwa unatoka pale.

"Jina ya mutu sitoi, hata kwako," nikasema.

"Mama."

"Nimesikia."

"Angalia miguu ya mutoto wangu. Atachumbiwa na nani? Atabeba maji namna gani? Nimuambie nini mama yake? Nimuambie ni maji, ni hewa?" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, yanachora mistari kwenye lile vumbi, na hakuyafuta. "Nilikuachia mutoto muzima. Kama hunipi mutu wa kumuuliza, basi wa kumuuliza ni wewe. Nitamuchukua leo. Na wewe utakaa hapa peke yako, na siku ukifa nitasikia kwa redio kama hadisi yako. Ndiyo unataka?"

Sikutaka. Mungu anajua sikutaka. Mtoto alikuwa ndani, nilimsikia anafungua mfuko wa ndagala, anazihesabu kwa sauti. Nilimshika mwanangu kichwa kwa mikono miwili, mikono ileile, nikamgeuza uso ili asiitazame nyumba yenye moshi, anitazame mimi.

"Sema, mama. Ni nani?"

"Jina ya mutu sitoi, hata kwako."